Mguu wa Matende Bado Una Dawa

Kiswahili kina neno "mtoki", na kwa maoni yangu ni mojawapo ya maneno sahihi zaidi ya kitabibu ambayo lugha yetu ilikuwa nayo hata kabla ya hospitali kufika kwetu. Mtoto akijikwaa, kidole kikatunga usaha, haichukui siku nyingi kabla bibi yake hajampapasa kinenani na kukuta uvimbe unaouma. Bibi husema: mtoto huyu ana mtoki, mtazameni mguu. Bibi huyo hajasoma anatomia, lakini ameshaling'amua jambo la msingi: kidonda kiko kidoleni na uvimbe uko kinenani, kwa hiyo kati ya sehemu hizo mbili ipo njia. Njia hiyo ndiyo mfumo wa limfu.

Makala haya yanawahusu watu ambao njia hiyo imeharibika, hususan wale wenye mguu wa matende. Hoja yangu ni moja. Katika zahanati na vituo vingi vya jiji hili la Dar es Salaam, mtu mwenye mguu wa matende huambiwa kwamba ugonjwa wake hauna dawa, kisha, pengine kwa kumhurumia, hupewa vidonge vya kupunguza maji mwilini. Kauli hiyo si ya kweli, na vidonge hivyo havimsaidii. Tiba ipo. Haitoki katika dirisha la dawa, nayo inaeleweka vizuri sana pale tu tunapoelewa namna limfu inavyotembea. Kwa sababu hiyo naomba msomaji anivumilie nianze na limfu yenyewe.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban lita 5 za damu kila dakika. Damu hiyo inapofika katika mishipa iliyo myembamba kabisa, sehemu ya maji yake huchujika na kutoka nje, ikaingia katika nafasi zilizo baina ya seli. Hapo ndipo seli hupata chakula na oksijeni na kutoa taka. Maji hayo hutoka pamoja na protini kiasi, na hayawezi kurudi yote katika damu kwa njia ile ile yaliyotokea. Kila siku lita kadhaa hubaki nje, na kazi ya kuzirudisha ni ya mishipa ya limfu. Ili kupata kipimo cha jambo hili, tukumbuke kwamba majimaji yote ya damu ya mtu mzima, ukiondoa chembechembe zake, ni takriban lita 3 tu. Maana yake ni kwamba kiasi kinachokaribia au kuzidi majimaji yetu yote ya damu hupita katika mishipa ya limfu kila siku inayopita, nasi hatujui. Protini zile zisiporudishwa, mtu hafikishi siku mbili akiwa hai.

Mishipa ya limfu huanzia chini ya ngozi na ndani ya viungo ikiwa vijifereji vyembamba vilivyoziba upande mmoja, mithili ya vidole vya glavu. Kuta zake zimepangwa kama vigae vinavyolaliana: maji yakizidi nje, vigae hufunguka na maji huingia, yakishaingia, vigae hujifunga. Kutoka hapo vijifereji huungana na kuwa mishipa mikubwa zaidi yenye vali ndani yake, nazo vali hizo huruhusu limfu iende mbele na kuizuia isirudi nyuma. Limfu ya miguu yote miwili, ya tumbo, ya mkono wa kushoto na ya upande wa kushoto wa kifua na kichwa hukusanyika katika mfereji mmoja unaopanda mbele ya uti wa mgongo na kumwaga maji yake katika makutano ya mishipa ya damu chini ya shingo, upande wa kushoto. Robo iliyobaki ya mwili, yaani mkono wa kulia na upande wa kulia wa kifua na kichwa, ina mfereji wake mdogo upande wa kulia.

Utumbo nao una mishipa yake ya limfu, ambayo hubeba mafuta ya chakula. Mtu akila wali wa nazi na samaki wa kukaanga, baada ya saa chache limfu ya tumboni mwake huwa nyeupe kama tui. Weupe huo ndio uliomfanya Gaspare Aselli, tabibu wa Italia, aigundue mishipa hii mwaka 1622 alipompasua mbwa aliyekuwa ametoka kula. Laiti mbwa yule angekuwa na njaa, pengine tungesubiri miaka mingi zaidi.

Njiani limfu hupita katika tezi, zilizo mamia kadhaa mwilini, zikiwamo zile za kinenani, kwapani na shingoni ambazo kidole huweza kuzigusa. Tezi ni kichujio, na ni kituo cha askari: vijidudu vilivyosombwa na limfu kutoka kidondani hukutana humo na chembechembe nyeupe za damu. Mapambano yakiwa makali tezi huvimba na kuuma, na huo ndio mtoki wa bibi. (Tezi isiyouma, iliyo ngumu, inayoendelea kukua kwa zaidi ya wiki tatu au nne, au iliyo juu ya mfupa wa mtulinga, ni habari nyingine. Huyo apelekwe akapimwe kifua kikuu, virusi vya Ukimwi na saratani, wala asizungushwe kwa dawa za aina moja baada ya nyingine.)

Katika maelezo yote haya lipo jambo moja ambalo sijalitaja, nalo ndilo kiini cha makala: mfumo huu hauna moyo. Damu ina pampu yake, limfu haina. Kutoka kidole cha mguu hadi shingoni ni safari ya zaidi ya mita moja, na kwa mtu aliyesimama safari yote hiyo ni ya kupanda mlima. Limfu huipanda kwa nguvu za kuazima. Kuta za mishipa yenyewe hujikaza zenyewe mara kadhaa kwa dakika na kuisogeza kutoka vali hadi vali. Misuli ya ndama ya mguu, kila tunapopiga hatua, huibana na kuisukuma juu. Pumzi nayo, kila kifua kinapopanuka, huivuta. Mtu anayetembea huisukuma limfu yake. Anayeketi kutwa nzima miguu ikiwa imening'inia huiacha ilale, na mtu mwenye afya akisafiri kwa basi kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam ataliona hilo katika viatu vyake.

Sasa tuje kwa matende. Ugonjwa huu, katika ukanda wetu, husababishwa na minyoo myembamba kama uzi ambayo wataalamu huiita Wuchereria bancrofti. Jike hufikia urefu wa sentimita 8 hadi 10, dume nusu ya hapo. Katika mwili wote wa binadamu minyoo hii imechagua kuishi ndani ya mishipa ya limfu, na huishi humo kwa miaka, kwa kawaida 6 hadi 8, ikizaa vijiminyoo vidogo mno ambavyo huingia katika damu saa za usiku, wakati ule ule mbu wanapouma. Mahali minyoo inapokaa, mshipa wa limfu hutanuka. Mshipa uliotanuka kupita kiasi una vali zisizokutana, na vali zisizokutana hazizuii kitu. Limfu iliyokwisha kupanda huteremka tena. Hivyo, hata minyoo ikifa, mshipa hubaki kama mfereji uliobomoka kingo.

Wazee wa pwani wamekuwa wakisema kwamba mabusha huletwa na madafu. Vijana huwacheka. Mimi siwacheki, kwa kuwa Patrick Manson mwenyewe, ambaye vitabu humwita baba wa tiba ya magonjwa ya nchi za joto, alipogundua mwaka 1877 huko China kwamba vijiminyoo hivi hukua ndani ya mbu, aliamini kwamba mbu hufia majini na kwamba binadamu huambukizwa kwa kuyanywa maji hayo. Ilipita miaka zaidi ya 20, hadi mwaka 1900, ndipo ikathibitika kwamba minyoo hutoka katika mdomo wa mbu na kuingia kupitia ngozi. Dafu halina hatia. Mwenye hatia ni mbu, na katika jiji letu mbu mkuu ni Kuleksi, yule wa kahawia anayezomea sikioni usiku.

Kuleksi ana tabia tofauti na mbu wa malaria. Yeye hupenda maji machafu: shimo la choo lenye maji, karo lenye mfuniko uliopasuka, mtaro uliosimama. Mwenye kuifahamu Kinyerezi atanielewa. Eneo ambalo zamani lilikuwa la mashamba, mikorosho na miembe limejaa nyumba hadi Kifuru na Bonyokwa, na karibu kila nyumba imejichimbia karo lake, kwa kuwa bomba la majitaka la jiji halijafika huko. Mvua za masika zikinyesha, makaro yaliyo mabondeni, kuelekea Msimbazi, hufurika. Tunajenga nyumba nzuri sana, zenye vigae na madirisha ya alumini, na bomba la hewa la karo tunaliacha wazi juu bila hata kipande cha wavu. Kule Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walimwaga katika vyoo vya shimo chembe nyepesi za plastiki, zile nyeupe zinazofanana na mfuko wa kukingia televisheni mpya. Chembe zile zilielea na kufunika uso wa maji, viluwiluwi vikakosa hewa, na pamoja na dawa waliyopewa wananchi, mbu na maambukizi vilipungua sana. Mfuniko mzima na wavu wa shilingi chache hufanya sehemu kubwa ya kazi ile ile.

Serikali yetu, kwa upande wake, haikukaa kimya. Mpango wa taifa wa kutokomeza matende na mabusha ulianzia kisiwani Mafia mwaka 2000, Zanzibar ikaanza ugawaji wake mwaka 2001, na Dar es Salaam ikafuata miaka michache baadaye. Kingatiba ya ivermektini na albendazoli iligawiwa mwaka hadi mwaka, kaya kwa kaya na mtaa kwa mtaa, watu wakipimwa kimo kwa kijiti ili kujua idadi ya vidonge. Wapo waliokataa kwa hofu ya kwamba vidonge hivyo vinaua uzazi, na maneno hayo hayana ukweli wowote. Waliomeza wamefanya jambo kubwa: dawa hizo huua vijiminyoo vilivyo katika damu, mbu akiuma hapati cha kubeba, na mnyororo hukatika. Maambukizi mapya yamepungua mno.

Lakini kingatiba humkinga aliye mzima. Haimrudishii mtu vali zake. Hapa ndipo tumewasahau watu.

Chukua mfano wa mama mmoja mkazi wa Kinyerezi, mwenye umri wa miaka sitini na ushei, mzaliwa wa pwani ya kusini, muuza mihogo ya kukaanga. Nimewaona wengi wenye habari kama yake, kiasi kwamba siwezi tena kuwatofautisha. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha kabla sijauliza neno akasema: "Daktari, mimi nimekuja kwa sababu mwanangu amenilazimisha. Mguu huu nilishaambiwa nitazikwa nao." Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba toka kifundo hadi gotini, ngozi nene, yenye mikunjo, na kati ya vidole palikuwa na fangasi weupe waliokwisha kupasua ngozi. Mara nne au tano kwa mwaka, alisema, hushikwa na homa ya kutetemeka, mguu huwaka kama kaa la moto, naye hulala ndani siku tano hata wiki asiuze kitu. Jirani mmoja alimshauri achanjwe ili "damu mbaya" itoke, naye akachanjwa. Katika kituo kimoja alipewa frusemaidi, akazimeza miezi mitatu. Alikojoa sana. Mguu haukupungua.

Hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumwosha mguu ule.

Naomba wahudumu wenzangu tulitafakari jambo hili kwa utaratibu. Homa ile na maumivu yale hayaletwi na minyoo, kwa kuwa kwa mgonjwa wa miaka mingi mara nyingi minyoo imekwisha kufa. Huletwa na bakteria wa kawaida wa ngozi wanaoingia kupitia mpasuko baina ya vidole, kupitia kidonda kidogo, kupitia chale. Katika mguu mzima bakteria hao wangesombwa na limfu hadi kinenani na kuishia huko. Katika mguu ambao limfu imesimama, wamekuta bwawa la maji ya uvuguvugu lililojaa protini, na askari hawafiki. Wanastawi. Kila shambulio huacha makovu katika mishipa michache iliyokuwa bado inafanya kazi, uvimbe huongezeka, mikunjo huzidi kina, na mikunjo hiyo huzaa fangasi na mipasuko mipya. Mguu haukui kwa sababu ya minyoo iliyokufa miaka 10 iliyopita. Unakua kwa sababu ya mashambulio ya mwaka huu. Na mashambulio ya mwaka huu yanazuilika.

Yanazuilika kwa beseni, maji safi na sabuni ya kawaida. Nafahamu kwamba mgonjwa aliyetoka Kinyerezi kwa daladala mbili akifika kwa daktari bingwa na kuambiwa "kaoshe mguu" huweza kudhani amedharauliwa. Ndiyo maana namna ya kulisema jambo hili ni sehemu ya tiba yenyewe. Asiambiwe tu, aoneshwe. Mhudumu aketi chini, avae glavu, aanze kuosha juu ya goti akiteremka polepole hadi vidoleni, aingize kitambaa laini katika kila mkunjo na kati ya vidole, bila kusugua kwa nguvu na bila brashi. Maji yawe ya joto la kawaida la chumbani. Ya moto huongeza uvimbe na kuunguza ngozi isiyo na hisia nzuri. Asuuze hadi maji yatoke safi. Kisha akaushe, na hapa ndipo wengi hukosea, kwani mguu ulioshwa na kuachwa na unyevu kati ya vidole ni shamba la fangasi. Kipande cha kanga kuukuu kilichofuliwa na kuanikwa juani kinatosha. Kipitishwe kati ya kila kidole, kwa kugusa-gusa. Akikuta mpasuko wenye fangasi apake mafuta ya Whitfield au dawa nyingine ya fangasi. Akikuta kidonda, apake dawa ya kuua bakteria. Kazi hii ifanyike kila siku, na bora jioni kabla ya kulala. Maji hayazidi nusu ya ndoo ya lita 20, jambo ambalo nalitaja kwa makusudi kwa kuwa najua mitaa ambako maji hununuliwa kwa dumu.

Mambo mengine yanayofuata yanatokana moja kwa moja na ule ukweli kwamba limfu haina moyo. Kwa kuwa haipandi yenyewe, tuipunguzie mlima: usiku mguu uwekwe juu, ikiwezekana kwa kuweka tofali chini ya miguu ya kitanda upande wa chini, na mchana mtu anapoketi auweke juu ya kigoda. Wenye ugonjwa wa moyo wamwone daktari kwanza, kwa maana maji yakirudi kwa wingi moyo dhaifu huelemewa. Kwa kuwa husukumwa na misuli, mgonjwa asogeze kifundo chake juu na chini, akizungushe, asimame kwa ncha za vidole akishika ukuta, hata wakati anasubiri mihogo iive. Viatu viwe vipana, vyenye kupitisha hewa, visivyobana wala kuchubua. Ndala kwa mguu uliovimba ni mwaliko wa kujikwaa, na yeboyebo la plastiki lililofungwa kutwa nzima katika joto la Dar es Salaam huupika mguu.

Siku shambulio linapotokea mambo hugeuka. Apumzike, mazoezi yasitishwe, mguu upozwe kwa kitambaa cha maji ya baridi, anywe maji mengi, apewe parasetamoli na dawa ya bakteria, kwa kawaida amoksilini endapo hana mzio wa penisilini. Dawa za minyoo zisitolewe wakati huo. Asichanjwe, asipakwe majani wala tope la moto. Akitapika, akichanganyikiwa, au homa isiposhuka, apelekwe hospitali bila kusubiri kesho.

Nirudi kwenye frusemaidi, kwa kuwa nimeona kadi nyingi mno zenye jina lake. Dawa hii huondoa maji na chumvi katika damu kupitia figo. Katika kushindwa kwa moyo hufanya kazi ya ajabu. Katika matende, kilichokwama nje ya mishipa ni protini, na protini huvuta maji kama chumvi inavyovuta unyevu katika masika. Mgonjwa hukojoa maji ya damu yake, hupata kizunguzungu na kupungukiwa na potasiamu, na bwawa la mguuni hubaki pale pale. Kumwandikia dawa hiyo mtu asiye na ugonjwa wa moyo, wa figo wala wa ini, eti kwa sababu tu mguu umevimba, ni kumtoza fedha ili tumdhuru.

Kuutambua mguu wa limfu hakuhitaji mashine. Uvimbe wa moyo na wa figo kwa kawaida huikumba miguu yote miwili kwa kiasi kinacholingana, na kidole gumba kikibonyezwa huacha shimo. Uvimbe wa limfu mara nyingi huwa wa mguu mmoja, au miguu miwili isiyolingana. Shimo huwepo mwanzoni, kisha ngozi ikishakuwa ngumu hutoweka. Jaribu kufinya ngozi ya juu ya kidole cha pili cha mguu, pale kinapoanzia. Ukiweza kuinyanyua, pengine si limfu. Ikikataa kunyanyuka, karibu hakika ni limfu. Kipimo hicho huchukua sekunde tano na hufanyika hata chini ya mwembe. Tahadhari moja: mguu mmoja uliovimba ghafla, ndani ya siku chache, kwa mtu aliyekuwa mzima, ufikiriwe kwanza kuwa na damu iliyoganda katika mshipa, na huyo hasubiri. Wala si kila mguu wa limfu ni wa minyoo. Mwaka 2015 huko Kamwenge, magharibi mwa Uganda, watu wengi walionekana wakiwa na miguu iliyovimba, na uchunguzi ukabaini kwamba chanzo ni kutembea pekupeku kwa miaka katika udongo wa volkano, ambao chembe zake hupenya ngozi na kuziharibu njia za limfu. Hakukuwa na mnyoo hata mmoja wa kulaumiwa. Tiba ya miguu ile? Maji, sabuni na viatu.

Vivyo hivyo kwa akina mama waliotolewa tezi za kwapani kwa ajili ya saratani ya matiti, au waliopigwa mionzi. Baadhi yao mkono huvimba baada ya miezi au miaka, nao hudhani saratani imerudi. Yafaa wachunguzwe ili kuondoa shaka hiyo, kisha wafundishwe ngozi, mazoezi na bendeji ya kubana inayofungwa na mtu aliyefunzwa. Kanuni ni ile ile.

Kwa busha nitasema machache, kwa kuwa habari yake ni njema: hutibika kwa upasuaji, na upasuaji huo ni wa kawaida katika hospitali zetu za wilaya na za mkoa. Kinachowachelewesha wanaume ni aibu, na aibu hiyo tunaizidisha sisi tunapowahoji mbele ya foleni nzima.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini nilete habari ya mabeseni katika jarida la chuo kikuu. Togo ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imetokomeza matende kama tatizo la afya ya jamii mwaka 2017, na Malawi mwaka 2020. Ili nchi ifikie hapo haitoshi kuonesha kwamba maambukizi yamekatika. Inapaswa pia kuonesha kwamba watu ambao tayari wana miguu iliyovimba na mabusha wanahesabika na wanapata huduma katika maeneo wanakoishi. Kwa hiyo hata kama ndani ya nyoyo zetu mama muuza mihogo hatupi usingizi wa mashaka, taifa haliwezi kulifunga faili la matende likimwacha nje.

Ninachopendekeza si kikubwa. Kila zahanati katika jiji hili iwe na daftari moja la miguu: jina, mguu upi, mzunguko wa kifundo kwa futi ya fundi cherehani, na idadi ya mashambulio tangu hudhurio lililopita. Idadi hiyo ndiyo itakayotueleza kama tiba inafanya kazi, kwa kuwa mguu wa miaka 20 haupungui haraka, na mgonjwa akitazama ukubwa peke yake atakata tamaa na kuacha kuosha. Kila zahanati iwe na beseni lake, kigoda na mhudumu mmoja aliyefundishwa kwa mikono, naye amfundishe mgonjwa pamoja na mtu mmoja wa nyumbani mwake, kwani mzee mwenye mguu mzito hafiki vidoleni mwake peke yake. Wanafunzi wa udaktari na uuguzi waoshe angalau mguu mmoja kabla ya kuhitimu. Hakuna kifaa kinachohitaji kuagizwa kutoka nje.

Mama wa Kinyerezi alifundishwa yeye na mjukuu wake wa kike wa darasa la sita, ambaye ndiye aliyekuwa na macho ya kuona mipasuko. Walipewa mafuta ya Whitfield, na frusemaidi ikasimamishwa. Katika hudhurio la mwezi wa sita mzunguko wa kifundo ulikuwa umepungua kwa sentimita mbili tu, na nilihofia kwamba atalalamika. Badala yake alifungua daftari la shule ambamo mjukuu amekuwa akichora mstari mwekundu kila siku ya homa. Ukurasa mzima ulikuwa na mstari mmoja, wa wiki ya pili.